Mwanamke wa Sauti Izungukayo Mbinguni: Jina la Kiojibwe na Dhamana Iliyomo



Mada yetu ni jina la mtu mmoja. Mtu huyo ni mwanamke aliyezaliwa tarehe 31 Januari 1800 huko Sault Ste. Marie, mahali ambapo maji ya Ziwa Superior hushuka kwa maporomoko kuelekea Ziwa Huron, kwenye mpaka wa leo wa Marekani na Kanada. Kwa Kiingereza aliitwa Jane Johnston, na baada ya kuolewa akawa Jane Johnston Schoolcraft. Kwa watu wa mama yake, Waojibwe, alikuwa na jina ambalo vitabu vya karne ya 19 vililiandika Bamewawagezhikaquay, na ambalo kwa tahajia ya siku hizi huandikwa Obabaamwewe-giizhigokwe. Wataalamu wa fasihi humhesabu kuwa mwandishi wa kwanza wa fasihi anayejulikana miongoni mwa wenyeji wa asili wa Amerika. Tafsiri iliyozoeleka ya jina lake ni hii: mwanamke wa sauti ya nyota zipitazo kwa kasi mbinguni.

Wengi wakiisikia tafsiri hiyo husifu uzuri wake, na mazungumzo yakaishia hapo. Nimekuja kuwaomba twende mbele kidogo. Ninalotaka kulisema ni kwamba jina la Kiojibwe ni amana ambayo mtu mmoja humkabidhi mwenzake. Maana yake kamili inakaa katika uhusiano huo: nani alilitoa, alilipata wapi, na wawili hao wanadaiana nini tangu siku ile hadi mmoja wao atakapofukiwa kaburini. Kamusi itatupa sehemu ndogo tu ya maana hiyo. Sehemu kubwa tutaipata kwa kuwajua watu.

Watu na lugha yao

Waojibwe hujiita Anishinaabe, wingi wake Anishinaabeg, jina wanaloshiriki na ndugu zao Waodawa na Wapotawatomi. Serikali ya Marekani iliwaandika Chippewa katika mikataba yake, na baadhi yao hulitumia jina hilo mpaka leo. Nchi yao imeyakumbatia Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini: Ontario na Manitoba kwa upande wa Kanada, Michigan, Wisconsin, Minnesota na North Dakota kwa upande wa Marekani. Waliishi kwa uvuvi na uwindaji, kwa kugema utomvu mtamu wa miti majira ya baridi yanapoisha, na kwa kuvuna manoomin, mpunga wa mwituni unaoota wenyewe katika maziwa yenye kina kifupi. Sault Ste. Marie wao waliiita Baawitigong, yaani penye maporomoko, na samaki wa maporomoko hayo walivuta watu kutoka mbali kila mwaka.

Lugha yao, Anishinaabemowin, huunganisha vipande vingi katika neno moja. Sisi tunaotamka "wasingalinipigia" kwa pumzi moja hatuna haja ya kushangaa. Tuchukue jina tulilolijia. Kipande babaam- huonyesha mwendo wa kuzungukazunguka, huku na huko. Kipande -wewe ni sauti inayosikika. Giizhig ni mbingu, na neno hilohilo pia ni siku. Kiishio -kwe humtaja mwanamke. Ukiviunganisha unapata mwanamke wa sauti izungukayo mbinguni.

Kipande hicho cha sauti kina ndugu zake. Biidwewe ni kusikika ukija. Bimwewe ni kusikika ukipita. Animwewe ni kusikika ukienda zako. Msemaji wa Kiojibwe anaweza kwa neno moja tu kukuambia kwamba kuna sauti, na kwamba inakaribia au inatokomea. Watu walioishi msituni na majini, ambao usiku waliyajua mambo mengi kwa sikio kabla ya jicho, waliihifadhi elimu hiyo ndani ya sarufi yao, na jina la mwanamke huyu limechotwa humo.

Msikilizaji makini ataniuliza: nyota ziko wapi? Swali ni zuri. Nyota kwa Kiojibwe ni anang, na katika jina hili neno hilo halimo. Tafsiri iliyosambaa ina kitu ambacho vipande vya jina havikitaji. Na ndivyo majina ya namna hii yalivyo. Jina hutaja kipande kimoja cha maono, na masimulizi yenyewe hubaki kwa aliyelitoa na kwa nyumba ya aliyelipokea. Mgeni akilipasua jina kwa kamusi peke yake ataondoka na mbingu na sauti, na nyota zitampita.

Jina linavyopatikana

Frances Densmore, mtafiti wa Marekani aliyerekodi nyimbo na desturi za Waojibwe wa Minnesota na jirani zao, alichapisha kitabu mwaka 1929 ambamo aliyagawa majina yao katika mafungu sita. La kwanza ni jina la ndoto analopewa mtoto na mtoa jina katika sherehe. La pili ni jina la ndoto ambalo mtu hulipata mwenyewe. La tatu ni jina ambalo wazazi humpa mtoto kwa kumrithisha la mtu mwingine. La nne ni jina la utani, linalotumika kila siku. La tano ni jina la ukoo, kwa Kiojibwe doodem, neno ambalo Wazungu walilichukua na kulifanya "totemu". La sita ni jina lenye sauti ya kupendeza tu, lisilobeba maana yoyote. Mtu mmoja aliweza kuwa na majina ya mafungu kadhaa, na hakuna aliyeyachanganya.

Fungu la kwanza ndilo lenye uzito. Kwa jina la namna hii wazazi hawakai wakachagua. Huenda kwa mzee, mwanamume au mwanamke, ambaye maisha yake yanashuhudia kwamba amebarikiwa: ameishi miaka mingi, ameokoka hatari, watu wanamheshimu. Humpelekea asemaa, yaani tumbaku, ambayo kwa Waojibwe ndiyo ya kutanguliza kila ombi zito. Mzee akiipokea tumbaku, ameipokea kazi. Hatoi jina papo hapo. Huomba, hungoja, huota, au hurejea ndoto aliyoipata zamani katika ujana wake. Siku ikiwadia hupikwa karamu ya manoomin, nyama ya porini, samaki na matunda. Mzee humpakata mtoto, husimulia alikolipata jina, kisha hulitangaza akielekea mashariki, kusini, magharibi na kaskazini, na waliohudhuria hulirudia baada yake. Pande zote za dunia sasa zimeambiwa nani amefika.

Uzito wa ndoto hiyo hatuwezi kuujua bila kuujua mfungo. Mtoto alipokaribia kubaleghe, mzazi alimwekea mbele asubuhi vitu viwili: chakula na makaa. Mtoto aliyechagua makaa alijipaka usoni akaenda msituni kufunga peke yake, kwanza kwa muda mfupi, baadaye kwa siku kadhaa. Alichokitafuta ni bawaagan, mlinzi amjiaye mtu kwa njia ya ndoto: ngurumo, dubu, tai, upepo, nyota. Viumbe hivi Waojibwe huwahesabu miongoni mwa wenye nafsi na uwezo wa kusaidia. Mlinzi aliyepatikana hivyo alikuwa mtaji wa mtu kwa maisha yake yote, vitani, kwenye mawindo na katika ugonjwa. Basi mzee anapomtolea mtoto mchanga jina kutoka katika ndoto yake, anamgawia baraka aliyoichuma kwa njaa yake mwenyewe.

Tangu siku hiyo mtoa jina na mpokeaji huitana niiyawen'enh. Kwa Kiswahili tunaweza kusema wajina, au somo kama wasemavyo watu wa pwani, ingawa kwa Waojibwe wawili hao si lazima waitwe jina moja. Ndani ya niiyawen'enh mna neno niiyaw, mwili wangu. Mzee anapomwita mtoto hivyo, anatamka kwamba sehemu ya mwili wake imo ndani ya yule mdogo. Maneno hayo yana wajibu. Mzee humwombea mtoto, humtunza kwa zawadi, humfundisha. Mtoto akishikwa na maradhi mazito, wazazi huweza kumwendea mzee mwingine mwenye baraka ili aongezewe jina, maana kila jina ni mtu mwingine tena wa kusimama upande wake. Na mtoto akikua, humheshimu wajina wake kama amheshimuvyo aliyemzaa.

Ushahidi wa ndani tunao kutoka kwa Peter Jones, aliyezaliwa mwaka 1802. Mama yake alikuwa Mississauga, tawi la Waojibwe wa Ontario, na baba yake alikuwa mpimaji ardhi mwenye asili ya Wales. Jones alikuja kuwa mhubiri wa Kimethodisti, na kitabu chake cha historia ya Waojibwe kilichapishwa mwaka 1861, baada ya kifo chake. Jina lake la kwao lilikuwa Kahkewaquonaby, manyoya matakatifu. Babu yake mzaa mama ndiye aliyempa katika karamu, na ndilo lililokuwa jina la mjomba wake aliyefariki akiwa mtoto. Kwa jina hilo aliwekwa chini ya ulinzi wa ngurumo, ambayo Waojibwe huiona kama ndege mkuu arukaye mbinguni. Alikabidhiwa pia vielelezo viwili: rungu la vita, ishara ya nguvu za ngurumo, na manyoya ya tai, ishara ya kuruka kwake. Tazameni yaliyokutana katika jina hilo moja: marehemu anayeendelea kutajwa, babu anayetimiza wajibu, ndege wa ngurumo, na mtoto mdogo aliyeshikishwa rungu. Neno "manyoya" peke yake lisingetuambia lolote kati ya hayo.

Jina la uzito huo halikutamkwa ovyo. Nyumbani watu waliitana kwa ujamaa wao, mjomba, dada, bibi, au kwa jina la utani. Wageni wengi wa karne ya 19 waliandika kwamba Mwojibwe akiulizwa jina lake hujizuia kulitaja, akamwomba aliye karibu amtajie. Baadhi ya wageni waliona ni aibu au ushirikina. Mimi naona ni adabu ya mtu anayejua kwamba anachokibeba amekabidhiwa na mwingine.

Nyumba moja, vizazi vitatu

Sasa turudi Baawitigong, kwenye nyumba ya Obabaamwewe-giizhigokwe.

Babu yake mzaa mama alikuwa Waubojeeg, kiongozi wa vita na msemaji hodari wa huko La Pointe, ufukweni mwa Ziwa Superior, aliyefariki mwaka 1793. Jina lake ni la mnyama wa mwituni wa jamii ya kicheche, na kipande cha mbele kinamtaja kuwa mweupe. Ukoo wake ulikuwa wa adik, paa mkubwa wa kaskazini. Jina lake na ukoo wake vilitaja wanyama wawili mbalimbali, kwa kuwa ukoo alizaliwa nao kwa baba na jina alipewa.

Binti yake alikuwa Ozhaguscodaywayquay, mwanamke wa mbuga ya kijani. Huyu ndiye mama wa Jane, na habari za mfungo wake tunazo. Mwandishi wa Kiingereza Anna Jameson, aliyefika Sault mwaka 1837 na kuchapisha kitabu cha safari yake mwaka 1838, aliandika masimulizi hayo. Msichana alikwenda kufunga ili ampate mlinzi wake. Katika ndoto zake akawa anamwona Mzungu anamjia na kikombe mkononi, akimhurumia kwa njaa anayojitesa nayo, na pamoja naye mbwa. Baadaye akaja mfanyabiashara wa ngozi kutoka Ireland, John Johnston, akamposa. Waubojeeg hakumkubali mara moja. Alimwambia kwanza aende Montreal akauze ngozi zake, na kama moyo wake utakuwa haujageuka, arudi. Johnston akaenda, akarudi. Ndoa hiyo ilidumu mpaka Johnston alipofariki mwaka 1828.

Mwaka 1820, Gavana Lewis Cass wa Michigan alipofika Sault kudai ardhi kwa niaba ya Marekani, ugomvi ulizuka na watu wakashika silaha. Mwanamke wa mbuga ya kijani ndiye aliyewakusanya wakuu na kuwasihi mpaka shari ikaepukwa. Alisikilizwa kwa sababu wazee walijua yeye ni binti wa nani.

Nyumba hiyohiyo ilimpa jina Anna Jameson mwenyewe. Mgeni huyo aliomba kushushwa kwenye maporomoko ya Sault kwa mtumbwi wa magome ya mti, jambo ambalo hakuna mwanamke wa Ulaya aliyejulikana kulifanya kabla yake. Aliposhuka salama, familia ilifurahi, ikamfanya mmoja wao na kumwita jina aliloliandika Wah-sah-ge-wah-no-qua, mwanamke wa povu ling'aalo. Mwishoni mwa jina mmeisikia tena ile -kwe. Jina hilo halikutoka katika mfungo. Limetoka katika tendo lililoonekana mchana na wote. Hata hivyo halikutolewa bure, kwa kuwa pamoja nalo Jameson alipokewa kama binti na kama dada, na aliandika juu ya upendo huo kwa shukrani.

Jane alikulia katika lugha mbili. Baba yake alimsomesha vitabu vya Kiingereza, mama yake alimlea kwa masimulizi ya Kiojibwe. Mwaka 1823 aliolewa na Henry Rowe Schoolcraft, wakala wa serikali ya Marekani aliyetumwa Sault kushughulikia mambo ya wenyeji. Majira ya baridi ya 1826 na 1827 mume na mke walitoa jarida lililoandikwa kwa mkono, wakaliita Muzzeniegun, neno la Kiojibwe la kitabu au maandishi. Humo Jane aliandika mashairi na hadithi kwa majina ya kalamu ya Rosa na Leelinau. Machi 1827 mtoto wao wa kiume alifariki kabla ya kutimiza miaka mitatu, na mama akamwandikia mashairi ya maombolezo. Mwaka 1839, watoto wake wawili waliobaki walipopelekwa shule za bweni mashariki ya mbali, aliandika shairi la kuwaaga kwa Kiojibwe. Alifariki Mei 1842 akiwa na miaka 42, alipokuwa amemtembelea dada yake huko Ontario.

Majina yasiyo na mwenyewe

Mume wake anatupa funzo la upande wa pili. Schoolcraft alijifunza mengi kutoka kwa mke wake, mama mkwe wake na shemeji zake, na vitabu vyake vya hadithi za Waojibwe vilivyoanza kutoka mwaka 1839 vimejengwa juu ya masimulizi ya nyumba hiyo. Lakini alikuwa na tabia ya kubuni majina. Mwaka 1832, akiongozwa na Waojibwe, alifika kwenye ziwa ambalo ni chanzo cha mto Mississippi. Ziwa lilikuwa na jina: Omashkoozo-zaaga'igan, ziwa la kulungu mkubwa. Yeye alikata vipande vya maneno mawili ya Kilatini, veritas na caput, kweli na kichwa, akaliita Itasca. Jina hilo ndilo lililoko kwenye ramani hadi leo, na watalii wengi hudhani ni la kienyeji.

Alifanya hivyo tena kwa wilaya za Michigan katika miaka ya 1840, akiunganisha silabi za lugha za wenyeji na za Kiarabu na Kilatini: Alcona, Alpena, Oscoda, Tuscola. Miongoni mwa wilaya za jimbo hilo iko Leelanau, kutokana na lile jina la kalamu la mke wake. Sauti ya L imo mara mbili katika jina hilo, na Kiojibwe hakina L.

Schoolcraft pia alimchanganya Nanabozho, mhusika mkuu wa masimulizi ya Waojibwe, na Hiawatha, kiongozi wa kihistoria wa Wahaudenosaunee, taifa jingine kabisa lenye lugha isiyo na undugu na Kiojibwe. Mshairi Henry Wadsworth Longfellow aliufuata mkanganyiko huo katika utenzi wake wa mwaka 1855, na dunia nzima ikasoma visa vya Nanabozho chini ya jina la mtu mwingine. Jina lisilo na mtoaji, lisilo na karamu, lisilo na wajina wa kulisimamia, hubebwa na yeyote na kuwekwa popote.

Makarani nao walifanya yao. Huko Minnesota walikuwako wakuu wawili, baba na mwana, walioitwa Bagonegiizhig. Baba alifariki mwaka 1847, na mwana aliuawa mwaka 1868. Bagone ni kuwa na tundu. Giizhig, kama tulivyoona, ni mbingu au siku. Wakalimani wakachagua "siku", na mikataba ya serikali ikamwandika kwa Kiingereza mtu anayeitwa Tundu la Siku, jina ambalo wasomaji wa Kizungu waliliona kichekesho. Lakini Bagonegiizhig, tundu la mbingu, ni jina la kundi la nyota ambalo sisi huliita Kilimia, na Waojibwe huliona kuwa mlango kati ya dunia hii na ya juu. Mkulima wa huku kwetu aliyepanga kilimo chake kwa kuitazama Kilimia hawezi kumcheka mtu anayebeba jina hilo.

Baadaye mambo yakawa mazito zaidi. Mwaka 1883 serikali ya Marekani ilitoa kanuni zilizofanya ngoma na ibada nyingi za wenyeji kuwa makosa ya kuadhibiwa, na sheria ya kulinda uhuru wa dini zao ilipitishwa mwaka 1978 tu. Shule za bweni, Marekani na Kanada, ziliwachukua watoto na kuwapa majina ya Kiingereza au Kifaransa. Katika shule nyingi za Kanada waliitwa kwa namba. Fikirini mtoto aliyetangazwa kwa pande nne za dunia, leo anaitikia namba darasani. Adhabu hiyo ilimfikia pia mzee aliyebaki kijijini, kwa kuwa wajina wake alikatwa kutoka mwilini mwake.

Kurudishiwa jina

Habari njema ni kwamba mnyororo haukukatika. Wazee walioendelea kutoa majina kwa kificho walikuwapo, na leo karamu za majina hufanywa waziwazi katika jamii za Waojibwe, hata mijini, kwa tumbaku ileile na kwa kuelekea pande zilezile nne. Watu wazima ambao hawakupewa jina utotoni humwendea mzee na asemaa mkononi. Katika shule zinazofundisha Anishinaabemowin, mtoto hujifunza kujitambulisha kwa kutaja jina lake, ukoo wake na mahali atokako.

Dola nayo imeanza kusikia. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Kanada, katika miito yake ya mwaka 2015, iliweka wito wa 17 unaozitaka serikali ziwawezeshe walionusurika shule za bweni na familia zao kurejesha majina waliyonyang'anywa, bila kutozwa ada. Mwezi Juni 2021 serikali ya Kanada ilitangaza kwamba wenyeji wangeweza kuandikwa majina yao ya asili katika pasipoti na hati nyingine bila malipo. Ni hatua ya haki, ingawa karani bado anayaandika kwa herufi za Kirumi, na lugha za wenyeji zina sauti ambazo herufi hizo hazizioni.

Na Obabaamwewe-giizhigokwe mwenyewe? Kwa muda mrefu maandishi yake yalikaa ndani ya makaratasi ya mumewe, mengine yakachapishwa chini ya jina la mumewe. Mwaka 2007 mtaalamu Robert Dale Parker aliyakusanya na kuyachapa kwa jina la mwandishi, na kichwa cha kitabu kikawa ile tafsiri ya jina lake la Kiojibwe. Zaidi ya miaka 160 baada ya kuzikwa, msomaji anaweza kuona kwenye jalada nani aliandika.

Mabibi na mabwana, nina maombi matatu. Kwa waandishi na wafasiri: mkikutana na Mwojibwe, andikeni jina lake la kwao kwa ukamilifu na kwa tahajia anayoitumia, hata kama ni refu, kwa kuwa wasomaji wanaotamka majina marefu ya miji na ya wachezaji mpira hawatashindwa. Kwa walimu: mwanafunzi akiuliza jina la Kiojibwe maana yake nini, mfundisheni kuuliza pia nani alilitoa. Na kwa vijana wanaopenda kupekua mtandaoni orodha za "majina ya Wahindi Wekundu" na kujichukulia moja kwa akaunti au kwa mtoto: acheni. Orodha hizo zimejaa majina ya kubuni mfano wa Itasca, na hata lililo la kweli ni amana ya mtu aliyefunga, akaota, na kumkabidhi mwenzake mbele ya watu. Jina la namna hiyo huombwa kwa tumbaku kutoka kwa mwenye kulitoa, na asiyeweza kufika mbele yake atosheke na kulijua na kuliheshimu.